Mara Sita

Kule Mushaki, kwenye barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi, kulikuwa na mtu ambaye mguu wake wa kushoto ulijulikana kuliko yeye mwenyewe. Kwa ubatizo aliitwa Evode, kwa jina la baba yake Nzabandora, lakini nani alijali? Watu walimwita Mutwangio, kwa sababu siku moja mjini Costermansville aliupiga mpira kutoka katikati ya kiwanja kwa nguvu za mwanamke anayetwanga sombe ya majani ya muhogo, na kipa wa Usumbura akaingia nyavuni pamoja nao. Hivyo ndivyo watu walivyosimulia. Wengi wa waliosimulia hawakuwapo, lakini ungewaambia nini?

Miaka kumi Evode alichezea timu ya kampuni moja ya madini. Kwenye karatasi aliandikwa karani wa depo, ila depo yenyewe aliijua mlango tu. Kazi yake ilikuwa mpira na mshahara wake ulikuwa wa mpira: feza kila mwisho wa mwezi, nyumba ya matofali, mchele, blanketi, na baada ya kila ushindi bahasha kutoka kwa muzungu mkubwa. Vijana wa vilima vyetu waliposikia hayo waliona kulima ni ujinga. Halafu mwaka wa 1951 beki mmoja akamwangukia gotini. Goti likavimba kama boga. Daktari akaliangalia, muzungu mkubwa akaliangalia, na mwezi haukuisha nyumba ya matofali akapewa mwingine.

Sasa sikieni aibu yake ilikoanzia. Katika timu ile kulikuwa na kipa, jina lake Nestor, mtu mkimya, si mzuri sana langoni. Kila bahasha aliyoipata Nestor aliigeuza cherehani. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazipanga barazani, akaweka mafundi, nao wakamletea chake kila Jumamosi. Evode alikuwa akimcheka mbele ya watu: "Weye uko kipa ao uko fundi wa nguo za bamama?" Siku Evode alipoondoka mjini na sanduku lake la karatasi ngumu, hakuwa hata na nauli ya kamio, lori la mizigo. Nestor ndiye aliyemlipia. Evode alizipokea zile feza bila kumtazama usoni, na njia nzima hadi Sake alikuwa akijiambia kwamba goti ndilo linalomuuma.

Mushaki walimpokea kwa ngoma. Walisimama ukingoni mwa barabara, wakamwona anashuka na suti yake na viatu vyeupe, na macho yao yakabaki yanatazama nyuma yake.

"Kamio yako inafuata nyuma, Mutwangio?" aliuliza Papa Hakorimana, kapita, mkubwa wa kilima, mtu wa tumbo na maneno. "Ao mabati njo yatatangulia?"

Kwa nini walingojea kamio na mabati? Kwa sababu ya Verdiane. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Evode. Aliolewa, akakaa miaka sita bila mtoto, mume akamrudisha. Baba yao kabla ya kufa akampa kipande cha shamba na nyumba ndogo, akasema huyu atalima hapa mpaka siku yake. Basi Verdiane alilima maharagi, na midomo yake haikupumzika kumsifu mdogo wake. Kisimani, kanisani, sokoni, neno lake lilikuwa moja: "Evode ametuma tena." Kila mwezi, Evode ametuma tena. Watu walihesabu kwa vidole vyao wakaona huyu kijana lazima awe tajiri kuliko mwami, chifu mkubwa.

Na ukweli? Ukweli alikuwa nao Evode mwenyewe, umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Katika miaka kumi alituma mara sita. Alizikumbuka zote sita, moja moja, kwa sababu zilikuwa chache. Ya mwisho ilikuwa mwaka wa 1945. Baada ya hapo ilikuwa pombe, suti, wanawake, na marafiki wa siku za ushindi.

Alikaa kwa Verdiane. Verdiane alimpikia, akamkanda goti kwa maji ya moto, akamtandikia mkeka karibu na moto. Lakini kila jioni baada ya kula, dada huyu alikuwa na tabia moja iliyomtesa Evode. Aliketi kimya, mikono magotini, kama mtu anayengojea.

"Hauna kintu ya kuniuliza?" alimwambia siku moja.

"Kintu gani, dada?"

"Sijue. Weye njo unajua."

Evode alitazama moto. Alidhani dada yake anamchokoza, anataka amtaje yeye mwenyewe zile mara sita ili amuumbue kwa kinywa chake. Akasema hapana, hana kitu. Verdiane akainuka akaosha sahani. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

Evode alijaribu biashara, tusimsingizie. Aliuza suti moja, akafungua kantine kando ya barabara: chumvi, sabuni, viberiti. Watu walijaa! Walikuja kuutazama mguu. Waliomba awasimulie lile goli, wakacheka, wakapiga makofi, kisha wakaenda kununua chumvi kwa mwingine, maana nani atamwomba Mutwangio ampimie kijiko cha chumvi? Hata kumwomba waliona haya. Baada ya miezi minne palibaki ubao mtupu na panya. Hapo maneno yakaanza. Feza ya miaka kumi iko wapi?

Kapita ndiye aliyeuliza wazi, siku ya soko, mbele ya wanaume waliokuwa wanakunywa kasiksi ya ndizi. "Mutwangio, tunataka kujifunza. Muntu anapokea mushahara miaka kumi na kila mwezi anatuma kwao. Sasa anauza viberiti! Ile feza ilikwenda wapi?" Wanaume wakacheka. Kijana mmoja akaigiza mtu anayechechemea na sanduku kichwani. Uso wa Evode ukawaka moto.

"Nilituma yote kwa dada," akasema. "Mumuulize yeye."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Angeweza kuyarudisha, muda ulikuwepo, hata mtu mmoja alikohoa akampa nafasi. Lakini alizitazama nyuso za wale wanaume: kicheko kimekatika, na mahali pake pameingia huruma. Maskini Mutwangio, kumbe ameibiwa na damu yake! Mmoja akamjazia kibuyu. Na Evode, Mungu amsamehe, akaona utamu wa huruma ile, akainywa pamoja na kasiksi.

Jumapili wakakaa baraza chini ya kanisa, kapita katikati, Athanase katekista pembeni na kitabu chake. Verdiane aliitwa, akaja na kitambaa chake cha misa, hajui aitiwa nini. Alipoelezwa, hakupiga kelele. Alisimama tu.

"Verdiane," kapita alianza, "weye mwenyewe ulitwambia hapa, kila mwezi: Evode ametuma tena. Tulikusikia wote. Iko kweli ao haiko kweli?"

Hapo ndipo. Verdiane hakumjibu kapita. Alimgeukia mdogo wake, akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayempisha mwenziwe mlangoni. Neno moja tu lilitakiwa. Evode angesema, "Papa kapita, dada alitia chumvi kwa sababu ananipenda," na yote yangeishia pale, yeye angechekwa wiki mbili na maisha yangeendelea. Evode aliinama akatazama goti lake, akalishika kama vile limeanza kuuma.

"Iko kweli," akasema Verdiane.

Watu wakanguruma.

"Basi feza iko wapi?"

"Iko."

"Wapi?"

"Mwenyewe hajaniuliza."

Loo! Walimcheka kwa ghadhabu. Mwanamke amekula feza ya mdogo wake na bado ana kiburi! Kapita akapiga fimbo chini. "Evode, muulize basi. Muulize hapa mbele yetu."

Evode alijua akiuliza tu, dada yake atafungua kinywa aseme: feza gani, mara sita? Akajikaza, akatoa sauti ya mtu aliyeumizwa. "Sina kintu ya kumuuliza," akasema.

Verdiane akafumba macho kidogo, akayafumbua. Basi wakahukumu. Nyumba na shamba vikawa vya Evode, kulipia alichopoteza. Athanase katekista akamwambia asikaribie meza ya Bwana mpaka arudishe mali ya watu. Jumanne asubuhi Verdiane akaondoka na jembe, mkeka na sufuria moja, akashika njia ya Walikale, kwenda Ntoto kwa mama yake wa ubatizo, Mama Geneviève. Hakumwaga chozi barabarani. Watoto walimwimbia mwizi mpaka kwenye kona.

Evode alibaki na nyumba. Alibaki na maharagi ambayo Verdiane alikuwa ameyapanda na kuyapalilia; yalipokauka akayavuna yeye. Aliyapika. Tonge la kwanza lilimkwama, akalisukuma kwa maji. Watu walimwita sasa Papa Evode, wakamtolea pole kila mahali, na kila pole ilimchoma. Alianza kupitia njia za nyuma ya migomba ili asikutane nazo.

Ikawa hivyo mpaka mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, mvua zimekolea. Asubuhi moja mjane mmoja wa kilima cha pili, Mama Euphrasie, alifika uani na mzigo kichwani umefungwa kwa kamba ya mgomba. Akautua. Akapiga magoti, akaufungua. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, bado mbichi, na sikio moja limeachwa limeshikamana nayo. Juu yake kulikuwa na kipande cha nyama iliyokaushwa kwa moshi.

"Papa Evode, unisamehe," akasema. "Aliteleza mu bonde, mvua ilikuwa nyingi. Ngozi njo hii, alama ya sikio njo hii, na kipande chako njo hiki. Usiseme nilimuchinja."

"Ng'ombe ya nani?"

Euphrasie akamtazama kama anaona mtu mwenye homa. "Yako."

Wageni wa kwetu pengine hawajui, basi niwaambie. Kwenye vilima vyetu mtu wa maharagi hana majani ya kulisha. Akipata mtamba, humpeleka kwa mwenye malisho, naye amchunge kama wake. Mchungaji hunywa maziwa, mbolea hutia shambani, na kila ndama wa tatu ni wake. Wengine ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mchungaji huleta ngozi, asiitwe mwizi. Na tena: mali hiyo haitajwi mbele za watu. Mwenyewe peke yake ndiye husema "nionyeshe", na siku hiyo huonyeshwa. Kumtajia mtu ng'ombe zake barazani ni kumvua nguo, na kuwavua nguo pia wale wanaozichunga, ambao majirani wote huwaona matajiri.

"Dada yako alinikataza kusema," Euphrasie aliendelea. "Alisema ni weye mwenyewe njo ulimukataza. Alisema utakuja siku moja useme nionyeshe. Nilingoja. Lakini ngozi haingoji, itaoza."

Evode akaketi chini, pale pale kwenye tope. Sasa alikumbuka. Mwaka wa 1943, maziko ya mama yao. Alikuja na kiburi chake cha mjini, suti mpya, akampa Verdiane feza mkononi nyuma ya nyumba, ile ilikuwa mara yake ya tatu, akasema kwa sauti ya mtu mkubwa: ununue ng'ombe, usionyeshe muntu, hata kapita, hata katekista, siku nitasema nionyeshe, njo utanionyesha. Akarudi Costermansville akasahau. Yeye alisahau. Verdiane alikuwa ameketi kila jioni mbele ya moto, mikono magotini, anangojea neno moja.

"Ziko ngapi?" aliuliza Evode.

"Kwangu zimebaki tatu. Zingine anazijua Verdiane."

"Alizinunua na feza gani?"

"Si yako? Ulikuwa unatuma kila mwezi." Kisha Euphrasie akasita, akapangusa mikono kwenye kitambaa chake. "Ila miye nilimuona sana anapita hapa na maharagi ku kichwa, anakwenda kuuzia wafanyakazi wa plantasio ya bazungu. Nikamuuliza: muntu mwenye ndugu tajiri anauza maharagi juu ya nini? Akasema anapenda kutembea."

Alipoondoka Euphrasie, Evode alibaki na ngozi mbele yake. Nisimsafishe: wazo baya lilimjia. Ng'ombe watatu wako kwa Euphrasie, hakuna mtu anayejua, Verdiane yuko mbali msituni. Angeweza kuwachukua polepole, akanunua mabati, na jina lake likatulia. Alilifikiria wazo hilo mpaka mvua ikaanza kunyesha juu ya ngozi. Kisha akainuka, akaikunja ngozi, akaiingiza ndani.

Kesho yake akapanda kamio ya mboga hadi Masisi, na kutoka hapo akashika fimbo. Siku mbili na nusu alitembea, kupanda na kushuka, mpaka vilima vikaisha na miti mikubwa ikaanza. Goti lilivimba tena. Lakini goti lilikuwa nafuu. Tabu ilikuwa watu. Kila kijiji alichopita walimtambua, wakamletea kiti na maji. "Mutwangio! Ile dada yako mwizi, ulimukamata?" Maneno aliyoyatupa Mushaki siku moja ya pombe yalikuwa yamemtangulia hadi msituni. Kila mara alitaka kusema. Kila mara alikunywa maji, akashukuru, akaenda.

Alimkuta Verdiane mtoni Ntoto, anatoa mihogo iliyolowekwa, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, harufu imemfunika. Alikuwa amekonda. Mama Geneviève, mzee kabisa, alikuwa ukingoni anamenya. Alimwona mgeni, akamtambua, akatema mate kando na kugeuza mgongo.

Evode alikuwa ametayarisha hotuba njia nzima. Yote ikayeyuka.

"Dada," akasema. "Nionyeshe."

Verdiane alisimama ndani ya maji, muhogo mkononi. Halafu akauweka muhogo ndani ya kikapu, akaosha mikono mara mbili, akapanda, akaingia nyumbani. Alipotoka alikuwa amejifunga kile kitambaa cha misa, bado kina mikunjo ya kuhifadhiwa.

"Umechelewa," akasema. "Twende."

Ni hayo tu! Hakulia, hakutukana. Evode angetoa jicho lake moja ili atukanwe.

Walirudi pamoja, na njiani alimwonyesha. Kwa Ndagijimana, juu ya Masisi, ng'ombe wanne. Kwa mtu mwingine chini ya kijito, wawili. Upande wa Mushaki wawili wengine, na wale watatu wa Euphrasie. Sikio la kila mmoja lilikuwa na mikato miwili. Wachungaji walimpigia Evode magoti, wakamsifu kwa akili yake. Feza za mara sita zilinunua mitamba miwili tu. Waliobaki walitoka kwenye matumbo ya hao wawili na kwenye maharagi ya Verdiane, gunia baada ya gunia, kichwani, miaka kumi.

"Dada, nilituma mara sita," Evode alisema walipokuwa wanapanda mlima wa mwisho.

"Najua."

"Sasa zako ni zipi, zangu ni zipi?"

"Alama iko moja."

"Juu ya nini hukusema ku baraza? Ungesema tu."

Verdiane alisimama kupumua. "Ningesema nini? Kwamba mutoto wa mama yangu alitusahau? Mbele ya Hakorimana?" Akatengeneza mzigo wake. "Nilidanganya kilima kizima juu yako miaka kumi, Evode. Ningeanza kusema kweli siku umerudi na fimbo?"

Evode alitembea nyuma yake, akitazama visigino vyake vilivyopasuka.

Jumapili, baada ya misa, wachungaji wakaleta ng'ombe kwenye majani chini ya kanisa. Kumi na mmoja. Watu walitoka kanisani wakashika vichwa. Waliuliza, wakaambiwa ni ng'ombe za Evode, wakapiga vigelegele. Verdiane alisimama pembeni, mbali kidogo na wanawake wengine, maana hakuna aliyekuwa amemkaribia bado.

Kapita Hakorimana alikuwa na maelezo tayari kabla ya mtu yeyote, kama kawaida yake. "Tazameni akili ya muntu wa mpira!" alipaza sauti, tumbo likicheza. "Wote wawili walitudanganya! Alijifanya kumufukuza dada yake ili sisi na serikali tusijue mali yake! Mutwangio, umetufunga goli ingine!"

Kicheko kikapasuka. Athanase katekista naye akatabasamu, akamkaribia Verdiane, akampa mkono. Wanawake wakaanza kumzunguka. Na Verdiane, kichwa chini, akaanza kutabasamu pia, kama mtu aliyekubali. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Evode angeingia tu: tajiri, mwerevu, msafi, na dada yake amerudi nyumbani. Nani angedhurika?

Lakini alitazama mahali alipokuwa ameketi siku ile, ameshika goti.

"Papa kapita," akasema. "Ile swali uliuliza mwaka jana. Uliza tena. Usimuulize dada. Uniulize miye."

"Swali gani tena? Leo iko siku ya kunywa!"

"Kama nilikuwa natuma kila mwezi. Uliza."

Kapita akacheka, akatazama watu, akapiga fimbo chini kwa mzaha. "Haya. Evode mwana wa Nzabandora, ulikuwa unatuma kila mwezi. Iko kweli ao haiko kweli?"

"Haiko kweli."

Wachache walicheka. Walidhani anajishusha, kama wakubwa wanavyojishusha.

"Miaka kumi nilituma mara sita," Evode alisema. "Ile ingine nilikunywa. Nilivaa. Nilipatia wanawake. Hizi ng'ombe ni maharagi ya dada. Na ile siku hapa, munamuuliza, alinitazama ili niseme, na nilijua kila kintu, na nikanyamaza. Mwizi ni miye. Muliimbia muntu bure."

Hakuna aliyecheka tena. Kapita alibaki na fimbo hewani. Katekista aliuachia mkono wa Verdiane, akautazama mkono wake mwenyewe. Wanawake waliokuwa wameimba, na waliofundisha watoto wao kuimba, walitazama majani. Aibu ilikaa juu ya kilima kizima siku ile, kila mtu na kipande chake, na kikubwa kilikuwa cha Evode. Alisimama nacho katikati, juu ya mguu wake mashuhuri.

Kisha sauti ikatoka pembeni, ya kusikika mpaka nyuma.

"Saba," alisema Verdiane.

Watu wakamgeukia.

"Ilikuwa mara saba. Amesahau ile ya Noeli, mwaka mama alikufa. Alituma ya Noeli."

Evode alizijua zote, moja moja. Zilikuwa sita. Hakukuwa na ya Noeli. Noeli ile alilewa siku tatu. Akafungua kinywa aseme hivyo, na Verdiane akamtazama, vile vile kama siku ya baraza, na yeye akashindwa kumwita mwongo mara ya pili asubuhi hiyo.